Mwenzako wa chumba akiumwa: mwongozo wa afya kwa wanafunzi wa vyuo vya Moshi

Mwanafunzi akiumwa chuoni, wa kwanza kujua ni yule anayelala kitanda cha jirani. Ndiye anayemsikia akitetemeka usiku, anayeona chakula kimebaki kwenye sahani, anayejua kwamba fulani hajaingia darasani tangu Jumatatu. Mwongozo huu ni wake, na pia ni wa wawakilishi wa madarasa, walezi wa hosteli na mawaziri wa afya wa serikali za wanafunzi, uwe Chuo Kikuu cha Ushirika, KCMC, Mwenge au geto la Longuo au Soweto.

Moshi haina uhaba wa mahali pa kutibiwa. Kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda; kuna Mawenzi, ya mkoa; kuna St. Joseph pale Soweto, na vituo vya afya kama Majengo na Pasua. Kinachowaumiza wanafunzi ni siku mbili tatu zinazopotea kabla ya kufika huko, huku wakimeza dawa za kubahatisha. Karibu kila tunachoeleza hapa kinalenga kuziokoa siku hizo.

Ya kufanya wiki ya kwanza, kabla hajaumwa mtu

Anza na bima. Mchango wa mwanafunzi kupitia NHIF umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu. Soma maelekezo ya kujiunga ya mwaka wako ujue kiwango na utaratibu wa chuo chako. Kulipa peke yake hakutoshi. Matatizo hutokea hapa: jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la cheti cha kidato cha nne, au fedha imelipwa pamoja na ada lakini fomu ya usajili haikukamilishwa, au bima ya mwaka jana imeisha na hakuna aliyeangalia. Wiki mbili baada ya kulipa, nenda dirisha la bima la zahanati ya chuo, uwaombe waangalie kama namba yako iko hai. Ni kazi ya dakika tano ukiwa mzima. Ukiwa na homa saa sita usiku ni habari nyingine.

Ujue pia ngazi za matibabu. Unaanzia zahanati ya chuo au kituo cha afya, wao ndio wanaokuandikia rufaa kwenda juu. Anayekwenda KCMC kwa mafua bila rufaa atarudishwa au atalipa mfukoni. Dharura haisubiri rufaa: aliyezimia, anayeshindwa kupumua, anayetokwa damu nyingi au aliyekunywa sumu apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu moja kwa moja.

Kisha kila mmoja chumbani aandike nusu karatasi yenye jina kamili, namba ya bima, simu za ndugu wawili (si mmoja, maana simu moja itakuwa imezimwa), ugonjwa wa kudumu alionao, dawa anazomeza kila siku na dawa inayomdhuru. Ikunjwe, itiwe kwenye bahasha, ibandikwe, iandikwe jina kwa nje. Zote zikae droo moja. Zinafunguliwa siku ya dharura tu. Mwenye pumu, kifafa, kisukari, sikoseli au anayetumia dawa za kufubaza virusi ana haki ya siri yake. Akitaka kuwaambia wenzake kwa hiari, asikilizwe vizuri, kwa sababu kuna mambo ambayo ni lazima mjue mapema. Mwenye sikoseli baridi ya Juni na Julai humletea maumivu makali, hivyo anahitaji maji mengi, sweta, na kitanda kisicho karibu na dirisha. Mwenye pumu aonyeshe anapoweka bomba lake la bluu la kuvuta dawa. Mwenye kifafa akianguka, mgeuzeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko mdomoni, na angalieni saa: ikipita dakika tano bado anatingishika, hospitali. Povu lake haliambukizi. Mwambieni na jirani wa chumba cha pili.

Boksi la chumba halihitaji makubwa: kipimajoto kimoja, paketi sita za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini (ORS), vidonge 20 vya parasetamoli ya miligramu 500, bandeji mbili, pamba, glavu jozi tatu, na tochi. Antibiotiki zisiwemo kabisa, hata zilizobaki za mwaka jana.

Homa

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kubahatisha kunapozidi.

Mpime kwanza. Kipimajoto kikae kwapani mpaka kilie, nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Andika joto na saa. "Jana alichemka sana" haimsaidii daktari, lakini "39.1 saa mbili usiku, 38.4 alfajiri" inamsaidia. Kisha muulize: amerudi kutoka wapi mwezi huu? Amekunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa? Amekanyaga maji ya mafuriko, au amefanya kazi ya vitendo kwenye mashamba ya mpunga ya kule Mabogini? Ameshika wanyama? Kuna mwingine hosteli anaumwa hivyo hivyo? Majibu yaandike chini ya joto.

Sababu ya maswali hayo ni hii. Utafiti uliofanywa hapa hapa Moshi, KCMC na Mawenzi, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto kwa wakubwa. Waliokuwa wameandikiwa malaria ni 528, sawa na asilimia 60.7. Vipimo vya maabara vilipokamilika, wenye malaria kweli walikuwa 14, asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, homa za kupe, homa ya Q, brusela, chikungunya. Kwa hiyo mwanafunzi wa Moshi anayekunywa dawa ya mseto ya malaria (ALu) kwa sababu tu "viungo vinauma" ana uwezekano mkubwa wa kutibu ugonjwa asio nao, huku alionao ukiendelea kukua.

Hiyo haina maana malaria haipo. Aliyerudi likizo kutoka Geita, Kigoma au Mtwara anaweza kuja nayo na kuugua wiki ya pili au ya tatu ya muhula. Huyo apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kikionekana kimelea, dozi ya mseto ya mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili huliwa saa nane baada ya ya kwanza (watu wengi husubiri saa kumi na mbili, ni kosa), zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili. Zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata parachichi au maziwa, la sivyo dawa hainyonywi vizuri. Asiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka.

Kuhusu taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), tuna msimamo. Kipimo cha Widal cha tone moja la damu husoma kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya kupona, au huletwa na bakteria wengine. "Taifodi" ya karatasi moja ya maabara ya mtaani haitoshi kukuanzishia dawa za siku kumi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, na damu ichukuliwe kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. UTI nayo ina dalili zake: mkojo unauma, unaenda msalani kila mara, tumbo la chini linauma. Asiye na hata moja kati ya hizo, na ameambiwa ana UTI kwa sababu ya homa na kichwa, aulize swali moja kwa heshima: "Daktari, kitu gani kingine kinaweza kuleta homa hii?" Homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi kwa wiki kadhaa, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi, aulizie brusela. Tiba yake ni wiki sita, si siku tano. Na kikohozi kilichofika wiki mbili kipimwe kifua kikuu, bila kuona aibu. Vitanda vinne kwenye chumba kimoja ni mazingira mazuri kwa ugonjwa huo, na vipimo na dawa hutolewa bure.

Wakati mnasubiri kukuche, mpe parasetamoli vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Angalia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, kwa hiyo zihesabu humo humo. Ini linaloharibika kwa kuzidisha parasetamoli haliumi siku ya kwanza. Maji anywe kidogo kidogo. Kitambaa cha maji ya kawaida sawa, barafu hapana.

Msisubiri kukuche kama shingo imekaza na mwanga unamuumiza macho, anaongea visivyoeleweka, anatapika kila anachokunywa, anahema haraka, ametoka vipele vya rangi ya damu, macho yamekuwa ya njano, hajakojoa tangu asubuhi, au ni mjamzito. Shingo iliyokaza yenye homa kwenye hosteli ni ya kukimbizwa, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hapo saa chache zina uzito. Bodaboda si usafiri wa mtu aliyelegea. Chukueni bajaji au teksi, mmoja wenu akae naye nyuma amshike. Kabla hamjaondoka, chukua bahasha yake, karatasi ya joto, dawa zote alizomeza zikiwa na paketi zake, na chaji ya simu. Mkikwama, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Tumbo

Kuhara kwa mtu mzima mara nyingi hukoma kwenyewe. Kinachoua ni maji kuisha mwilini. Paketi moja ya ORS inaingia kwenye lita moja kamili ya maji safi. Lita, si glasi. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na anaharisha zaidi. Isipokuwepo, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja, vijiko vya kusawazisha juu, si vya mlima. Kila akitoka msalani anywe glasi moja taratibu; akitapika, subirini dakika kumi, aendelee kwa kijiko. Flajili haitibu kila tumbo. Damu kwenye choo, homa kali, au choo kinachotoka kama maji ya mchele mfululizo ni safari ya hospitali, na hilo la mwisho mlezi wa hosteli ajulishwe usiku huo huo kwa sababu huenda ni kipindupindu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, yatolewe kwa bomba au kwa kumimina, si kwa kuchota na kikombe cha kila mtu. Kwa wenzetu wanaosoma Tengeru, Usa River na Arusha kuna jambo la ziada: maji ya baadhi ya vyanzo vya kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inakolea. Huko ulizeni mamlaka ya maji kuhusu chanzo chenu, na kwa kunywa tumieni maji ya mvua yaliyokingwa safi au yaliyochujwa kwa ajili hiyo. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana floridi nyingi; loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Kiungulia na "vidonda vya tumbo" vya kipindi cha mitihani vina chanzo kinachopuuzwa, nacho ni diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa tumbo tupu kwa kichwa, mgongo au maumivu ya hedhi. Mezeni baada ya kula, kwa siku chache, na mwenye historia ya vidonda asiziguse. Choo cheusi kama lami ni damu kutoka tumboni: hospitali leo, si kesho.

Kula mpaka bumu lijalo

Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini haitoki kwa siku, inaingia kwa mafungu; fungu hilo ndilo wanafunzi huliita bumu. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku, ya sita ni chai ya rangi na andazi, na katikati ya hapo kuna mtihani. Dawa ya hili ni kununua vikavu siku bumu linapoingia, kabla ya viatu. Watatu mnaopika pamoja, kwa mwezi mtahitaji takriban kilo 9 za maharage au choroko, kilo 12 za unga wa dona, kilo 9 za mchele, lita 3 za mafuta na kilo 2 za dagaa. Nendeni kununua kwa kilo sokoni Mbuyuni. Kila siku mboga za majani na tunda moja. Kilimanjaro hakuna sababu ya kukosa parachichi na ndizi. Asiyekuwa na mkopo mara nyingi hujificha wakati wa kula, hujifanya ameshiba mjini. Mkimwona hivyo, mwiteni kwenye sufuria mkampe zamu ya kupika badala ya zamu ya kuchanga. Heshima yake inabaki.

Jiko la mkaa lisilale ndani. Baridi ya Julai inashawishi, lakini mkaa unaowaka chumba kimefungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi inayochukua nafasi ya hewa kwenye damu. Anayeivuta husikia kichwa na usingizi, halafu haamki. Mkaa uliofunikwa kwa majivu bado unatoa gesi hiyo. Ukimkuta mtu amelala hivyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, ndipo upige simu.

Usingizi na mitihani

Mtu mzima anahitaji saa saba mpaka tisa. Nusu ya kafeini ya kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu bado iko mwilini saa tano hivi baadaye, kwa hiyo ya saa tatu usiku inakulinda macho mpaka alfajiri na inakuangusha kwenye chumba cha mtihani. Kikomo kiwe saa nane mchana. Chumba kikubaliane saa ya kuzima taa kubwa. Anayetaka kuendelea atumie taa ya mezani au aende maktaba. Mirungi ni marufuku kisheria, na baada ya kukesha nayo huja siku mbili za mwili kukataa kila kitu. Hatuoni haja ya kuongeza.

Moyo ukilemewa

Huzuni ya kufeli au kuachwa ni ya kawaida na hupungua siku zinavyokwenda. Sonona ni kitu kingine: kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hana furaha, vitu alivyovipenda havimvuti, halali au analala mchana kutwa, hali au anakula bila kipimo, anajilaumu, hawezi kusoma ukurasa mmoja ukaingia. Chumbani inaonekana kwa mambo madogo. Haogi. Nguo chafu zimejaa ndoo. Simu ya mama inaita anaiangalia tu. Amejitoa kwenye kundi la darasa. Wanaume wengi haitoki kama machozi, inatoka kama hasira au pombe.

Zungumza naye mkiwa wawili tu, ikiwezekana mnatembea. Watu husema zaidi wasipotazamana usoni. Anza na ulichokiona, si na hukumu: "Wiki hii yote hujala vizuri na hujaenda darasani. Unalala kweli?" Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika nzima unachosha, lakini usiujaze. Usimwambie wenzake wanavumilia, usimwambie ashukuru Mungu ana mkopo, usimpe hadithi yako. Akimaliza, muulize angependa usaidie nini kwanza, kisha mshike jambo moja: kumsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi kesho saa nne, kwa mfano. Mwambie saa, umfuate, mwende pamoja. "Uende ukamwone" pekee mara chache huzaa kitu.

Swali linaloogopwa liulize waziwazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, uliza kama ameshafikiria namna, kama ana kitu cha kutumia, kama amepanga lini. Mwenye mpango hakai peke yake hata dakika tano. Kaeni wawili kwa zamu, ondoeni dawa, viuatilifu, kamba na visu, na mpelekeni hospitali siku hiyo. KCMC kuna idara ya magonjwa ya akili. Usimwahidi siri kwa jambo hili. Mwambie: "Mengine yote nitayafunga, hili siwezi, kwa sababu nataka uwepo." Wengine huficha kwa kuogopa polisi au kuogopa kudisko (kuondolewa chuoni), kinachotangulia ni uhai.

Ikiwa ameshameza kitu, msimtapishe wala kumpa maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na kutapisha kunaweza kuipeleka kwenye mapafu. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa maji mengi huku mmevaa glavu, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi, hata kama haina lebo. Aliyemeza vidonge vingi na sasa anasema yuko sawa aende pia.

Familia ikisema amerogwa au inataka maombi kwanza, usibishane. Waambie maombi na dawa vinakwenda pamoja, na umwombe kiongozi wa dini anayeheshimika chuoni aliseme hilo yeye mwenyewe, litasikika zaidi. Dawa za sonona huanza kuonyesha kazi baada ya wiki mbili mpaka nne, wakati madhara madogo kama kinywa kukauka huanza mapema. Ndiyo maana wengi huziacha siku ya sita wakidhani hazifai. Rafiki anayejua hilo atamshikilia avuke wiki hizo. Akipata nafuu asiache bila daktari.

Masomo yakishindikana, kuna kuahirisha. Barua iandikwe kabla ya mtihani, ipitie kwa mkuu wa idara, iambatane na ripoti ya daktari yenye muhuri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Anayekaa kimya, akakosa mitihani, kisha kuleta cheti cha hospitali mwezi unaofuata hujikuta akipigania jambo ambalo lingekuwa rahisi. Wenye mkopo wapite ofisi ya mikopo ya chuo kabla ya kuondoka, posho isije ikavurugika atakaporudi.

Saa 72

Kondomu ikipasuka au pasipokuwa na kinga, saa zinahesabika. P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, hufanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema, ndani ya saa 72. Akitapika ndani ya saa mbili arudie. Haizuii VVU. Kwa VVU kuna dawa za kinga baada ya tukio, nazo lazima zianze ndani ya saa 72, heri saa mbili za kwanza, na huliwa siku 28 bila kuruka. Aliyemeza P2 apime mimba wiki tatu baadaye.

Aliyebakwa anahitaji hayo yote, na zaidi. Asioge, asibadili nguo akiweza. Akibadili, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu wa plastiki huharibu ushahidi. Aende hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuatwa na mwenzake huku huduma imeanza, na kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Uamuzi wa kushtaki ni wake. Kazi yako ni kumwamini na kumsindikiza. Mhadhiri anayedai ngono kwa alama anafanya kosa la jinai: hifadhi jumbe bila kuzihariri, usiende ofisini kwake peke yako, na piga TAKUKURU 113, bila malipo.

Akirudi kutoka hospitali

Siku tatu za mwanzo ndizo zinazoharibika, kwa sababu kila mtu anadhani kazi imeisha. Andikeni ratiba ya dawa ukutani kwa saa, ikiwa ameridhia, na tarehe ya kurudi kliniki. Mwakilishi wa darasa amletee noti na amweleze mwalimu wa somo kuwa alikuwa hospitali, bila kutaja ugonjwa.

Chakula chake kiwe laini. Mtori unafaa kuliko uji mtupu. Chemsheni nusu kilo ya nyama yenye mfupa kwenye lita mbili za maji, chumvi kidogo na tangawizi, kwa saa moja na nusu hivi mpaka nyama iachie. Menyeni ndizi mshare nane mpaka kumi, zipikwe na kitunguu kimoja kwenye sufuria nyingine mpaka zipondeke, zipondwe kwa mwiko, kisha ongezeni supu kijiko kwa kijiko ili zisishikane mabonge. Nyama ichambuliwe iwe nyuzi. Pilipili iachwe. Mpeni nusu bakuli kila saa tatu badala ya sahani kubwa mara moja, na mkiona ametapika milo miwili mfululizo, au homa imerudi, rudini naye alikotibiwa na ile karatasi ya joto.